Kurudisha Trela Nyuma

Kaka yangu alikufa wakati mahindi yanatoa ndevu. Alikohoa siku tisa, na siku ya kumi hakukohoa tena. Tulimzika ng'ambo ya kijito, mahali alipotuonyesha bwana mwenye shamba, karibu na mistari ya mwisho ya mahindi. Wiki iliyofuata nyapara alisimama mlangoni kwetu, akavua kofia kwa heshima ya mama, akaniambia nifike ofisini.

Wakati ule nilikuwa mtu wa ng'ombe. Niliendesha gari la maksai wanane, wawili wawili, na kazi hiyo nilifundishwa na huyo huyo kaka, ambaye aliifanya kabla yangu. Shamba lilikuwa upande wa Kabazi: pareto juu kwenye baridi, mahindi chini, ng'ombe wa maziwa katikati. Miaka ya hamsini ilikuwa imeanza kuzeeka, na matrekta yalikuwa yanaingia kila shamba. Letu lilikuwa na trekta moja na mtu mmoja wa kuliendesha. Mtu huyo sasa alikuwa ng'ambo ya kijito.

Bwana alikuwa amekaa nyuma ya meza, anakwaruza kiko chake kwa msumari.

"Kaka yako alikuwa mtu mzuri," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazungu wa mashamba, lakini hilo alilisema vizuri. "Sasa wewe nakamata trekta."

"Ndiyo, bwana. Na ng'ombe?"

"Ng'ombe mimi nauza. Kazi ya ng'ombe nakwisha."

Nikasema ndiyo tena. Sikumwambia kwamba najua nusu ya kazi tu. Kaka alikuwa amenifundisha kwenda mbele. Siku za kulima alinipa usukani katikati ya shamba, akakaa juu ya gurudumu la nyuma akila kiazi, nami nikanyoosha mistari mpaka akasifu. Lakini kila tulipofika mahali pa kurudisha trela nyuma alinigusa bega, nikashuka, akapanda yeye. Hakunifundisha sehemu hiyo, nami sikumwomba. Nilidhani siku ziko nyingi.

Lazima nieleze habari ya nyumba, kwa sababu ndiyo iliyoniumiza kichwa. Tulikaa nyumba ya mbao yenye mabati, vyumba viwili, juu kidogo ya kambi ya wafanyakazi. Ilikuwa nyumba ya dereva, haikuwa yetu. Ndani mlikuwa na mama, mke wa kaka na watoto wake watatu, na sasa mimi. Miaka ile mtu hakukaa shambani kwa mzungu bila kazi iliyoandikwa. Ng'ombe walikwisha kuuzwa. Kama singekuwa dereva singekuwa kitu, na sisi sote sita tungepewa siku chache za kufunga mizigo. Mahali pengine hatukuwa napo. Mimi na kaka tulizaliwa pale pale. Na kuondoka kulikuwa ni kumwacha kaka peke yake, kaburi lenye udongo mbichi katika shamba ambalo mwaka unaofuata lingeweza kulimwa. Mama alikwenda pale kila asubuhi baada ya kukamua, akang'oa majani mawili matatu, akarudi.

Basi nilipopanda trekta nilikuwa nimebeba watu watano na kaburi.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri kwa sababu zilikwenda mbele. Shida ilinikuta kwenye nyumba ya kukaushia pareto. Uwanja wake ulikuwa mwembamba, upande mmoja ukuta, upande mwingine mteremko wa kwenda mtoni. Gari la ng'ombe lilikuwa likisimama nje na watu wakabeba magunia kichwani. Kaka, tangu alipopata trekta, alikuwa analirudisha trela mpaka mkia wake uingie mlangoni, ili maua yasinyeshewe na mvua ya alasiri. Watu walikuwa wamezoea hivyo. Walinisubiri na mimi nifanye hivyo.

Nikatia gia ya nyuma. Nikashika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeshika pembe. Macho yangu yalikuwa kwenye magurudumu ya mbele, kwa sababu miaka yote nilikuwa nimetazama mbele, kwenye vichwa vya ng'ombe. Trela lilikuwa nyuma ya mgongo wangu na nililisikiliza kwa masikio tu. Nilitaka liende kulia, nikazungusha usukani kulia, nalo likaenda kushoto. Nikazungusha zaidi. Likazidi kwenda kushoto. Nikaona nguzo ya mlango inakuja.

Hapo nilifanya jambo ambalo wanawake wa pareto walilisimulia mpaka Krismasi. Sikukanyaga klachi, sikukanyaga breki. Nilivuta usukani kifuani kwa nguvu zangu zote na kupiga ukelele wa kusimamisha maksai.

"Hoooo! Hooo! Simama!"

Trekta halikusimama. Kona ya trela iliingia kwenye nguzo ya mti wa mtarakwa, nguzo ikalia, na mabati ya ukingoni yakainama. Ndipo mguu wangu ukakumbuka klachi.

"Mpige kiboko!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Huyo wa kushoto ndiye mkaidi!"

"Mwambie jina lake! Labda hajui unamwita yeye!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona mama mmoja, mtoto mgongoni, ambaye muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa ameegemea nguzo ile. Alikuwa amesogea kwenda kumwaga maji. Mpaka leo simjui aliyemtuma kumwaga maji.

Toka siku hiyo mikono ilinitetemeka kila nilipotazama gia ya nyuma. Sitaki kujisifu kwa ujasiri ambao sikuwa nao: niliacha kabisa kurudisha. Mashambani nilizunguka mzunguko mkubwa, nikikanyaga hata majani ya malisho, ili nisirudi nyuma hata hatua tatu. Na kwenye nyumba ya pareto nilifanya mapatano na wanawake.

Mapatano yalikuwa hivi. Kutoka mashamba ya juu mpaka nyumba ya kukaushia ni mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu, na bwana alikuwa amekataza mtu yeyote kupanda trela. Mimi ningewabeba juu ya magunia. Wao, tukifika uwanjani, wangechomoa pini, wanane wangeinua mti wa trela, yaani ule mkono wa chuma wa kuvutia, na wengine wangesukuma mpaka mlangoni. Pareto ni maua, hayana uzito. Likishapakuliwa wangelivuta nje, nami ningelifunga tena na kwenda zangu.

"Lakini tukifika kona ya ofisi mtashuka," nikawaambia.

"Tutashuka, dereva. Dereva wetu wa mbele."

Jina likabaki hilo, Dereva wa Mbele. Hata watoto wa kambi waliniita hivyo. Nyapara alilisikia akacheka kwa pua. Alikuwa na shemeji yake mmoja aliyeendesha trekta upande wa Solai na kutaka kuhama, na nilijua amekwisha kumtaja ofisini mara moja au mbili.

Tulikwenda hivyo zaidi ya miezi miwili. Mahindi yakakauka, yakavunjwa, yakapukuchuliwa. Jumatatu moja alasiri bwana akashuka kwa miguu mpaka nyumba ya pareto, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akakuta trela limekaa mlangoni limenyooka kama kitanda ukutani. Mimi nilikuwa pembeni nafuta mikono. Trekta lilikuwa mbali kidogo, lakini hilo hakuliangalia. Aliangalia trela.

"Mzuri sana," akasema. "Mzuri. Kama kaka yako."

Wanawake waliinamisha vichwa juu ya maua. Niliona mabega yao yanatikisika. Ningeweza kunyamaza. Nyapara alikuwa nyuma ya bwana, na hata yeye hakujua. Lakini neno lile la kaka lilinikaa vibaya. Sifa ile ilikuwa ya marehemu, na kuichukua niliona ni kama kuvaa koti lake kabla matanga hayajaisha.

"Si mimi niliyerudisha, bwana," nikasema. "Wanawake wamesukuma."

"Nini?"

"Mimi sijui kurudisha nyuma. Wao wanachomoa pini, wanasukuma. Na mimi ninawabeba kutoka juu."

Sasa mabega hayakutikisika tena. Mwanamke mmoja akanong'ona, "Huyu naye mdomo wake haujui breki." Bwana alitoa kiko mdomoni. Sidhani alikuwa na hasira. Nadhani alichoka, kama mtu aliyefikiri amemaliza kazi fulani, kumbe bado.

"Jumamosi mahindi nakwenda Nakuru," akasema. "Kule stoo hapana wanawake. Kule nataka rudisha trela mpaka jukwaa, na magunia juu. Wewe naweza, mzuri. Wewe hapana weza, mimi nachukua dereva ingine. Na nyumba ni ya dereva. Unasikia?"

"Nasikia, bwana."

Nyapara alitazama angani, kana kwamba anapima mvua.

Jioni ile niliwaambia nyumbani. Sikutaka walisikie kambini. Mama alikuwa anapepeta maharagwe. Aliendelea kupepeta, lakini polepole. Mke wa kaka alikuwa na kichwa kilichonyolewa, nywele zimeanza kuota fupi fupi. Alimenya viazi mpaka vikaisha, akaosha kisu, akatoka nje. Nilifikiri amekwenda kulia. Nilijiona mtu mbaya.

Kesho yake, saa ya chakula, nilikuwa nimekaa chini ya trekta nikitafuta kivuli. Nikamwona mke wa kaka anakuja na sufuria yangu.

"Shemeji, ukishakula tulipeleke hili gari kule chini," akasema. "Kwenye ile miti miwili iliyochimbiwa, karibu na konde la zamani la mtama."

"Kuna nini kule?"

"Ile miti unafikiri aliichimbia nani?"

Nilikuwa nimeiona ile miti mara nyingi. Nilidhani ni mabaki ya lango la zamani.

"Ni kaka yako," akasema. "Alipopewa trekta hakujua kurudisha. Alikuwa anakuja huku saa ya chakula, watu wakiwa wamelala. Mwezi mzima! Alikuwa anatetemeka mpaka chakula kinamrudi. Ile tangi ya maji iliyotoboka, mliambiwa ni kutu?"

"Tuliambiwa ni kutu."

"Kutu gani. Ni trela." Akacheka kidogo, akaziba mdomo, kwa maana ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. "Aliniapisha nisimwambie mtu. Hasa wewe."

"Kwa nini hasa mimi?"

"Alisema wewe unamtazama kama mtu ambaye hawezi kushindwa na kitu. Alisema hiyo ni raha sana, asingependa iishe."

Nilitazama ndani ya sufuria. Nilikuwa nimemlilia kaka ambaye alizaliwa anajua. Sasa nikapewa mwingine, ambaye chakula kilimrudi, na huyo nilimpenda zaidi. Siwezi kueleza vizuri kuliko hivyo.

Tukaenda kule chini. Nikajaribu kuingiza trela kati ya ile miti, likakunjika upande mmoja. Nikajaribu tena, likakunjika upande wa pili. Shemeji alisimama kwenye nyasi na fimbo ya kunionyesha kona. Hakuwa anajua kuendesha. Alijua tu alichokiona.

"Yeye hakuwa anakaa hivyo," akasema. "Alikuwa anakaa upande, mgongo kwenye usukani kidogo, anatazama nyuma. Na mkono mmoja anaushika usukani kwa chini. Na kabla ya kuanza alikuwa anashuka."

"Anashuka afanye nini?"

"Sijui. Alikuwa anasimama hapa mbele ya trela, kwenye mti wake, analitazama. Halafu anasukuma hewa na mikono. Hivi. Mimi nilikuwa namcheka, namwambia anasali."

Akanyoosha mikono miwili mbele ya kifua, viganja wazi, akasukuma kushoto, akasukuma kulia.

Nikajua papo hapo. Shemeji hakuwahi kufanya kazi ya ng'ombe, asingejua. Gari la maksai likihitaji kurudi nyuma, unafungua ng'ombe wote wa mbele, unabakiza wawili waliofungwa kwenye mti wa gari. Unasimama mbele yao, unawatazama wao na gari pamoja. Unaweka viganja kwenye mapaji yao na kusukuma. Ukitaka mkia wa gari uende kulia, unasukuma vichwa vyao kushoto. Mti unakwenda kushoto, mkia unakwenda kulia. Nilikuwa nimefanya hivyo mara elfu, na aliyenifundisha ni kaka, nikiwa na miaka kumi na mitatu, viganja vyangu chini ya viganja vyake, ng'ombe wakitupumulia usoni.

Kumbe alikuwa amekwisha kunifundisha, ila nilikuwa sijajua ni kitu kile kile. Kwenye trekta nilikuwa nimekaa kama anayekwenda mbele, nikitafuta vichwa vya ng'ombe mahali ambapo hamna ng'ombe.

Nikashuka. Nikasimama mbele ya mti wa trela. Nikaweka viganja hewani, nikasukuma kushoto, nikautazama mkia moyoni ukienda kulia. Kisha nikapanda, nikageuza mwili, nikausahau usukani na kutazama mti peke yake. Nilitaka uende kushoto, mkono wangu ukaupeleka kushoto. Trela likaenda kulia, polepole, bila kelele, kama ng'ombe mzee anayejua njia ya zizi.

"Linaingia!" shemeji akasema. "Linaingia, shemeji! Simama, simama, umefika kwenye mti!"

Nilikanyaga klachi. Sikupiga ukelele.

Sitadanganya kwamba nilijua siku ile. Nililikunja tena mara nyingi, na Jumatano nikaung'oa mti mmoja, tukauchimbia upya. Kosa langu sasa lilikuwa lingine: likianza kwenda vibaya niliendelea kulisukuma, kwa aibu, nikitumaini litajirekebisha. Shemeji akaniambia neno la kaka juu ya hilo pia. "Alikuwa anasema, likikataa, nenda mbele uanze tena. Hakuna aliyekufa kwa kwenda mbele." Basi nikawa nakwenda mbele, naanza tena. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, saa ya chakula. Ijumaa nililiingiza mara tatu mfululizo, trela likiwa tupu. Magunia juu sikuwa nimejaribu.

Jumamosi nilipewa karatasi ya ruhusa ya kufika mjini, nikaondoka kulipokucha. Magunia yalipangwa na kufungwa kamba, na makuli wawili wa shamba walikaa juu yake. Mahindi ni mawe. Nililisikia trela mgongoni njia nzima, likinivuta kwenye mlima na kunisukuma kwenye mteremko. Tulipotokea mahali ambapo ziwa la Nakuru linaonekana chini, limezungukwa na weupe wake wa magadi, kuli mmoja akaanza kuimba. Nikamwomba anyamaze.

Stoo ilikuwa karibu na reli. Uwanja ulijaa malori. Jukwaa la kupakulia lilikuwa na nguzo, na kati ya nguzo na nguzo paliingia gari moja, pamoja na labda upana wa mkono kila upande. Zamu yangu ilipofika karani Mhindi aliyeshika makaratasi akanionyesha kwa kalamu, pale, katikati ya malori mawili ambayo tayari yalikuwa yanapakuliwa. Kwa hiyo kama ningekosea ningegonga mali ya watu.

Nikapita mbele ya nafasi, nikasimama, nikashuka. Nikasimama mbele ya mti wa trela na kusukuma hewa.

"Wee wa trekta!" dereva mmoja wa lori akaita. "Unabariki mahindi?"

"Mwacheni, ni padri wa Kabazi!"

"Padri, maliza misa, sisi tuna safari!"

Nikapanda. Nikageuza mwili. Trela lilianza vizuri, kisha uzito ukalichukua haraka kuliko nilivyozoea, na mkia ukaelekea nguzo. Zamani ningeendelea. Nikakanyaga klachi, nikaenda mbele. Wakapiga makofi ya kunizomea. Mara ya pili likaja karibu na lori la jirani mpaka kuli mmoja wa juu akainua miguu. Nikaenda mbele. Mara ya tatu nilikosea kidogo tu, ningeweza pengine kulilazimisha, lakini nikaenda mbele.

"Huyu anarudi nyumbani kidogo kidogo!"

Watu wakacheka, na jambo la ajabu ni kwamba na mimi nilicheka. Kilikuwa kichekesho kizuri. Nilipocheka mabega yalishuka, na nikaona kwamba mikono yangu haitetemeki. Sijui iliacha saa ngapi.

Mara ya nne nililiacha trela lije lenyewe. Mti kushoto kidogo. Mti unyooke. Kidogo kulia. Nikaona nguzo ya huku na nguzo ya kule zikipita pole pole kando ya magunia, kisha nikasikia ubao wa trela ukigusa jukwaa, kishindo kidogo, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Karani hakuinua hata macho. Akasema, "Haya, shusha, shusha, upesi," na makuli wakaanza kushusha.

Nilikaa pale pale juu ya kiti.

Bwana alikuja baadaye kidogo. Alikuwa na shughuli zake mjini. Akatazama trela, akatazama nguzo kama zina alama, akazunguka akatazama na malori ya majirani.

"Imeingia?"

"Imeingia, bwana. Lakini nilikwenda mbele mara tatu kwanza. Ya nne ndiyo iliingia."

Akatia tumbaku kwenye kiko.

"Mimi nauliza imeingia."

"Imeingia."

"Basi. Jumatatu leta mahindi ingine."

Hakuna aliyetaja nyumba. Nilingoja aitaje, hakuitaja, na alipoondoka kuelekea gari lake ndipo nilipoelewa kwamba jambo limekwisha.

Kurudi, trela likiwa tupu, lilirukaruka kwenye mashimo kama ndama. Kuli yule aliimba naye hakunyamazishwa. Nilipofika mahali ambapo barabara inaingia upande wetu nilisimamisha trekta, nikasema nataka kuangalia pini. Nikapiga magoti nyuma pale, nikashika mti wa chuma ambao ulikuwa bado na joto, na nikalia. Sikuwa nimelia vile hata siku ya mazishi. Lakini haukuwa uchungu peke yake, na hilo lilinitia haya kidogo, kuona kwamba mtu anaweza kumlilia nduguye na huku ana furaha. Sasa mimi ni mzee na sioni haya tena.

Nyumbani niliwakuta nje. Shemeji alinitazama usoni akajua, akaingia ndani, na nikasikia anawagombeza watoto kwa sauti ya zamani, ile ya kabla ya msiba. Mama alikuwa ameketi kwenye kigogo.

"Tumebaki," nikamwambia.

"Umeingiza?"

"Nimeingiza, mama."

Nilifikiri atamtaja kaka. Alitazama kipande cha bustani nyuma ya nyumba, ambacho tangu mvua zianze hakuwa amekilima, nami sikuwa nimeuliza kwa nini.

"Basi Jumatatu, ukitoka kazini, uniletee samadi ya zizini," akasema. "Nimechelewa, lakini maharagwe yatawahi. Na usiimwage kule barabarani nikabeba na karai. Uirudishe mpaka hapa mlangoni."

"Hapa ni pembamba, mama. Kuna banda la kuku."

"Si umesema unajua?"

Jumatatu jioni nilirudisha trela mpaka mlangoni kwa mama. Nilikwenda mbele mara mbili. Nilichukua kona moja ya banda la kuku, kuku wakatoka wote wakipiga kelele, na mama akasimama katikati yao mikono kiunoni, akiniambia mambo ambayo sitayaandika. Kisha akachukua jembe akaanza kushusha samadi.